Mota ya Kaboni au Isiyo na Kaboni? Nilichojifunza Siku Tatu Kabla ya Nikaha ya Watu



Leo sikuja na mapishi wala namna mpya ya kufunga mtandio. Nimekuja na mota. Msicheke. Kama wewe ni bibi harusi na gauni lako liko kwa fundi, mota inakuhusu hata kama hujawahi kuiona. Na kama wewe ni fundi kama mimi, soma mpaka mwisho, maana somo hili lilinigharimu usingizi wa siku tatu, na nusura linigharimu ukweli wa ulimi wangu.

Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, Unguja, lakini ndoa ilinileta Bagamoyo. Si Bagamoyo ya pwani mnayoijua. Hii ni kata ya Bagamoyo, mjini Tukuyu, wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya. Huku ni baridi, migomba, mashamba ya chai, na mvua ambayo ikianza haiulizi nani ana harusi. Nina kibanda cha kushonea na cherehani ya Butterfly ya kukanyaga kwa miguu, niliyoifunga mota ndogo ya umeme pembeni. Wateja wangu wengi ni maharusi wanaotaka gauni la stara lakini lenye kupendeza.

Swali kutoka Maskati

Jumanne moja mdogo wangu anayefanya kazi Maskati alinipigia simu ya video akiwa dukani. Alikuwa amemwahidi mwanangu wa miaka minane gari la rimoti, si lile la kuchezea la sokoni, bali lile la watu wazima wanaoshindana nalo.

"Dada, yapo mawili hapa na sura ni moja. Moja mota yake ni ya brashi, jingine halina brashi. Nimtumie mpwa wangu lipi?"

Yalikuwa magari ya Traxxas aina ya Slash. Ukiyaweka pamoja huyatofautishi, ila lile lisilo na brashi bei yake ilikuwa juu sana. Kwenye boksi lake waliandika kwamba likiwekewa betri kubwa na gia zake maalumu linapita maili 60 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 90. Mwanangu alikuwa nyuma ya bega langu. "Mama, mwambie la mbio!"

Nikamjibu mdogo wangu kwamba mimi najua uzi na sindano, mambo ya mota aulizwe mwingine. Akaniambia kuna mtu anasafiri kuja Dar Jumapili, kwa hiyo anataka jibu kufikia Jumamosi.

Harufu niliyojifanya siisikii

Usiku huo huo nilikuwa na gauni la bibi harusi mkononi. Satini nzito, lasi mikononi na kifuani, mkia mrefu. Nikaha ilikuwa Ijumaa baada ya Alasiri. Juu ya hilo, kwa tamaa yangu mwenyewe, nilikuwa nimepokea magauni manne ya wasindikizaji wake, na nimeshakula malipo ya awali.

Mota ilikuwa inanipa dalili tangu wiki mbili nyuma. Ilitoa cheche, kwanza ndogo za bluu, kisha kubwa za rangi ya machungwa. Ilitoa harufu ya kuungua. Wakati mwingine nilikanyaga pedeli ikawa kimya, nikaigonga ubavuni kwa mpini wa mkasi, ikaamka. Fundi mmoja alishaniambia, "Mama, badilisha kaboni, ni elfu tatu tu." Nikasema nitabadilisha kazi ikipungua. Saa nne usiku, katikati ya mshono wa bega, mota ikalia, ikatoa moshi mwembamba, ikanyamaza. Nikagonga na kugonga. Kimya.

Jumatano asubuhi mama wa bibi harusi akapiga simu. "Mwanangu, nguo imefikia wapi?"

Dada zangu mafundi, mnaijua ile sentensi. Inatoka yenyewe kama pumzi: "Iko tayari mama, imebaki pasi tu." Ilikuwa ncha ya ulimi. Nimeshawahi kuisema, Allah anisamehe, na si mara moja. Siku ile kitu kikanishika koo. Nikasema, "Mama, naomba nikupigie saa saba mchana," nikakata. Sikusema uongo, lakini wala sikusema kweli. Nilikimbia.

Mezani kwa fundi

Nikaifungua mota, nikaifunga kwenye kitambaa, nikateremka na mvua mpaka kwa mzee mmoja anayetengeneza redio na pasi karibu na stendi. Alizungusha vile vifuniko viwili vidogo vyeusi vya ubavuni, akavuta. Kaboni moja ilitoka ikiwa imebaki kama punje ya dengu. Ya pili haikuwepo kabisa. Springi yake ndiyo iliyokuwa ikikwaruza kichwa cha shaba.

"Mama, hii haikufa jana," akasema. "Imekuwa ikifa, wewe ukiwa unaiangalia."

Kwa kuwa nilikuwa na swali la Maskati kichwani, nikamuuliza: hii kaboni ndiyo hiyo brashi? Na mota isiyo nayo inazungukaje?

Mzee akafungua droo, akatoa mota ya kigari cha mtoto kilichovunjika na feni ndogo iliyotoka kwenye kompyuta mbovu. Akavifungua vyote viwili mbele yangu.

Kwenye mota ya kigari, sumaku zimegandishwa ukutani hazitembei, na kinachozunguka katikati ni chuma kilichosokotwa waya wa shaba. Ili umeme uufikie waya unaozunguka, lazima kitu kiuguse. Kitu hicho ndicho kaboni: vipande viwili vinavyosukumwa na springi kukandamiza kichwa cha shaba kilichokatwa vipande vipande. Kila kikizunguka, umeme unahama kutoka kipande kimoja kwenda kingine, na mota inaendelea kujisukuma. Mota ya cherehani yangu haina sumaku, ina waya hata kwenye kuta, lakini habari ya kaboni ni ile ile. Ni ubunifu rahisi na mzuri, ila ni msuguano. Penye msuguano pana joto, cheche, vumbi jeusi na kulika. Kaboni imeumbwa ili ilike. Ukiisahau, kinacholika baada yake ni kichwa chenyewe cha shaba.

Kwenye feni ya kompyuta mambo yamegeuzwa. Waya umekaa palepale, na sumaku ndizo zinazozunguka. Hakuna kinachougusa mzunguko isipokuwa beringi au bushi yake. Badala ya kaboni kuna sakiti ndogo inayowasha waya huu, inauzima, inawasha ule, kwa zamu, na sumaku zinafuata kama watoto wanaofukuzana kuzunguka nyumba. Baadaye nilisoma kwamba wahandisi wawili wa Marekani, Wilson na Trickey, waliieleza mota ya namna hii mwaka 1962, baada ya transista kupatikana. Kabla ya hapo hapakuwa na kitu chepesi cha kufanya kazi ya kaboni bila kugusa.

Faida zake ni wazi. Haina cha kulika mara kwa mara, haipotezi umeme kwa msuguano wa kaboni, haina cheche, ni tulivu na ina nguvu kuliko ukubwa wake. Nikasema basi hiyo ndiyo bora, kwa nini watu bado wananunua yenye kaboni?

Mzee akainua ile sakiti kwa kibano. "Kwa sababu kaboni ikiisha, mimi nakuchongea nyingine. Hii ikiungua, utaipata wapi hapa Tukuyu?"

Saa saba mchana

Hakuwa na kaboni za kipimo changu. Akachukua za drili, kubwa zaidi, akazisugua kwa msasa mpaka zikaingia. Akasafisha kichwa cha shaba, akaniambia nikaizungushe polepole bila kitambaa kwa dakika kadhaa ili kaboni zikae sawa. Kisha akanionya: shaba imeshaumia, mota hii isipewe kazi nzito. Mishono myepesi tu.

Saa saba nikampigia mama wa bibi harusi. Nikamwambia yote. Kwamba mota imekufa, kwamba nilijua inaumwa nikapuuza, kwamba gauni halijaisha na magauni ya wasindikizaji mawili hayajakatwa hata kitambaa. Kimya upande wa pili. Kisha akasema maneno ambayo sitayaandika hapa, na alikuwa na haki nayo.

Lakini jioni akaja kibandani na shangazi wawili wa bibi harusi. Nilidhani wamekuja kuchukua kitambaa chao. Shangazi mmoja akavua viatu, akaketi mkekani, akaniambia, "Lete sindano ya mkono. Pindo najua." Mwingine akachukua lasi aishikize. Yale magauni mawili niliwarudishia pesa zao zote na kitambaa, na nikampigia fundi mwenzangu wa Uyole, Mbeya, akayapokea. Faida yangu ya mwezi ule iliishia hapo.

Mimi nikalegeza mkanda wa mota, nikarudisha mkanda wa ngozi kwenye gurudumu la chini, nikakanyaga kwa miguu kama nilivyofundishwa chuoni. Satini nzito na lasi vyote vilishonwa kwa miguu. Umeme ulikatika Alhamisi usiku na hatukujali, tuliwasha taa ya sola tukaendelea. Ijumaa baada ya Alfajiri nilishona kifungo cha mwisho. Alhamdulillah.

Nikiwa nakanyaga nilikumbuka kisa cha Mtume wetu (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono kwenye rundo la nafaka, akakuta chini ni mbichi na juu ni kavu. Muuzaji akajitetea kwamba ilinyeshewa na mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimlaumu kwa kuificha ile mbichi chini. Nami kufa kwa mota ilikuwa mvua yangu. Ile sentensi ya pasi ndiyo ingekuwa nafaka kavu ya juu.

Nilimjibu nini mdogo wangu

Jumamosi nilikuwa na jibu. "Mtumie la kaboni."

Mwanangu akanuna. "Mama, ni la bei ndogo, ni baya." Nikamketisha, nikamwambia hivi. Gari linalopita kilomita 90 kwa saa si la mtoto wa miaka minane, kwenye mteremko wa Bagamoyo ambako kuna wamama wenye mikungu ya ndizi na watoto wanaotoka madrasa. Halafu zile betri kali za lithiamu zinazolipa kasi hiyo zinahitaji chaja yake, na haziachwi zikichaji bila mtu kuziangalia, maana zikiharibika huweza kuwaka moto. Tatu, sakiti ya kuongoza mota ikiungua, tutaagiza Maskati tena. Na sakiti ya mota ya kaboni haiwezi kuendesha mota isiyo na kaboni. Waya zenyewe hazilingani: ile ina mbili, hii ina tatu. Ukitaka kuhama lazima ununue vyote viwili.

La kaboni lina kasi ya kumtosha. Likila matope atalifuta na kulikausha. Mota ikichoka, mota nzima ni ya bei ndogo, na ile iliyochoka tutaifungua mezani kwa mzee ajifunze. Gari limefika, mashaAllah, na mpaka leo kilio chake ni kimoja tu: mvua.

Na mimi nilijichagulia nini

Hapa ndipo mwanangu alinishika. Kwa sababu mimi nilichagua ile nyingine.

Nilikwenda Mwanjelwa, Mbeya. Mota ndogo ya kaboni kama yangu ilikuwa Sh 45,000. Ile isiyo na kaboni iliyotengenezwa kwa cherehani za nyumbani, wanayoiita servo, yenye sakiti na pedeli yake, ilikuwa Sh 190,000. Pedeli ya zamani haiifai kabisa, kwa hiyo usidanganywe ununue mota peke yake.

Nikapiga hesabu ya kazi yangu, si ya tamaa yangu. Lasi na shanga zinataka mwendo wa pole sana, na mota ya kaboni ukiikanyaga kidogo inakosa nguvu: sindano inakwama kwenye kitambaa kinene, unakanyaga zaidi, inaruka mbele na kuharibu mshono. Ile servo inashikilia nguvu hata ikienda polepole, na ina kitufe cha kuweka mwisho wa kasi. Nashona saa nyingi kila siku, na usiku mtoto mdogo amelala chumba cha pili. Kazi yangu ilikuwa inaihitaji kweli.

Dukani waliniambia naweza kuichukua siku ile ile kwa mkopo wa kikundi, nirudishe na ongezeko. Moyo ulitaka. Maharusi walikuwa wanasubiri. Lakini nikajiuliza nitamshoneaje mtu nguo ya nikaha kwa mota iliyoingia kwa riba. Nikanunua kaboni mpya za Sh 3,000, nikarudi nyumbani, nikapunguza kazi za kupokea, na kazi nzito nikaendelea kukanyaga kwa miguu. Upatu wetu wa wanawake uliponifikia mwezi wa nne, nikaenda kuichukua kwa pesa taslimu. Nikaongeza na kifaa cha kulinda umeme unaporudi kwa kishindo, maana adui mkubwa wa ile sakiti ni huo.

Kwa hiyo nilipomjibu mwanangu nilimwambia kweli: "Si kwamba mimi nimepata nzuri na wewe mbaya. Kila mmoja kapata inayolingana na kazi yake." Ile ya kaboni sikuitupa. Imekaa kabatini na kaboni za akiba ndani ya kifuko, na mkanda wa ngozi bado unaning'inia ukutani.

Kwa fundi mwenzangu

Kama unashona mara moja moja, kurekebisha sare za watoto na mapazia, mota ya kaboni inakutosha na pesa yako itumie kwingine. Ila ichunge. Chomoa umeme kwanza, fungua vile vifuniko viwili kila baada ya miezi michache, tazama urefu. Zikibaki fupi, badilisha zote mbili kwa pamoja, si moja. Usikaze mkanda kupita kiasi, unaibebesha mota mzigo bure. Cheche kubwa na harufu ni salamu, iitikie.

Kama unashona kutwa, vitambaa vizito na lasi, na una namna ya kuulinda umeme wako, weka akiba polepole uchukue isiyo na kaboni. Usiikimbilie kwa riba, wala kwa sababu jirani anayo.

Kwa bibi harusi

Mpe fundi wako muda. Muulize mapema ana kazi ngapi mkononi wiki ile, na umeme ukikatika anashonaje. Akikwambia "imebaki pasi tu", mwambie kwa upole, "Nitumie picha." Na akikwambia ukweli mchungu mapema, mshukuru, hata kama moyo unauma. Yule bibi harusi wangu alinifuata baada ya wiki, mama yake yuko nyuma yake. Nilidhani bado wana neno. Walikuwa wameleta kitambaa cha gauni la mdogo wake, nikaha baada ya Mfungo Tatu.

Mama akaniangalia, akauliza, "Mota nzima?"

Nikamwambia, "Mama, bado ile mbovu. Nipe wiki tano, siyo tatu."

Akacheka, akaniachia kitambaa.

Allah atubarikie kazi za mikono yetu na atulinde na ndimi zetu. Wassalaam alaykum.